Nondo Zilizoenda Getini

Kijiwe chetu cha Manyoni ni benchi moja la mbao kando ya jiko la kahawa la Gaspari, na ng'ambo ya barabara ni shule ya mtaa. Alhamisi alfajiri ardhi ilitetemeka. Nilihesabu sekunde kumi na moja nikiwa chini ya meza, nimemkumbatia mdogo wangu Elisha. Darasa lake, darasa la kwanza, lilipasuka ukuta, kuanzia kona ya mlango hadi kwenye kenchi za paa. Niliupima ufa: juu sentimita mbili, chini milimita nne. Leo ni Jumapili, kesho shule inafunguliwa. Aliyelijenga darasa hilo ni Fundi Sostenes, ambaye kijiweni tunamwita Timazi. Nilimkuta anapuliza kahawa.

— Shikamoo, fundi. Ule ufa umeuona?

— Marahaba, Eliana. Nimeuona na jana nimeupiga plasta, juu nikamalizia chokaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, kwa hiyo ukuta sijengi.

— Plasta haishiki ukuta. Linta haikuzunguka jengo, uliiweka juu ya mlango na madirisha tu.

— Nondo zilikuwa wapi?

Sote tunajua zilikokwenda. Wazazi walifyatua matofali, kila kaya mia moja, na nondo zikaletwa za linta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote pamoja. Kisha ikasikika kuwa mgeni rasmi anakuja. Kikao cha wazazi kikaona aibu mgeni apite kwenye uzio wa miiba; mikono ikanyooshwa, nondo zikachomelewa geti. Mama yangu alinyoosha mkono. Mimi nilikuwa likizo, nikalipiga geti picha.

Mzee Bonifasi, mstaafu wa reli tunayemwita Behewa, akakohoa.

— Lile si tetemeko. Ni treni ya umeme. Spidi ile inachokoza ardhi.

— Alfajiri ile hakukuwa na treni, mzee.

— Ilipita jana yake. Ardhi haisahau.

— Achana na treni, Behewa! alidakia Leonidas, muuza asali ya Itigi. Ni visima. Kila mtu anachimba, maji yanatoka, chini panabaki wazi. Tumekalia chungu kitupu! Siku bahari ikijua kuna nafasi, inakuja. Sunami hiyo.

— Sunami Manyoni? Kutoka Dar, si itakuwa imechoka Morogoro?

— Haba na haba hujaza kibaba, Behewa!

Walicheka. Nami nilicheka.

— Tuko kwenye bonde la ufa, nikasema. Itatetemeka tena, na hakuna anayejua siku. Watoto wasiingie mle.

— Usomi umekupa woga, mdogo wangu, alisema Leonidas.

Timazi hakucheka. Alisema taratibu:

— Mjukuu wangu Theresia yumo humo humo. Unadhani mimi nalala?

— Sasa chokaa ya nini, fundi?

— Watoto wasiogope.

Dada mmoja mgeni akavuka barabara, daftari kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, nimeelekezwa kwa fundi wa lile darasa. Naitwa Mwalimu Klara, nimehamia juzi. Nimepewa darasa la kwanza.

— Ndiye mimi, mwalimu.

— Ikitetemeka tena, niwatoe watoto au niwaache ndani? Mlango ni mmoja, na ufa uko pale pale mlangoni.

Timazi alitazama kikombe chake.

— Wako wangapi?

— Tisini na wanne.

Behewa alivua kofia. Leonidas akajifanya anakaza kifuniko cha dumu la asali.

— Wasiingie kabisa, mwalimu, nikasema.

— Nimeliomba hilo, dada. Mkaguzi alikuja jana jioni, akakuta ukuta mweupe, akaandika kwamba darasa ni zima. Nimeambiwa kesho saa moja na nusu tuwe ndani. Kwa hiyo naomba kujua hilo moja tu. Niwatoe, au niwaache?

Nina shahada ya ujenzi. Nilifungua mdomo, nikawaona akilini wote tisini na wanne wakisukumana kwenye mlango ule. Nikawaona tena wametulia kwenye madawati, matofali juu yao. Nikaufunga mdomo.

Mwalimu alisubiri. Kisha akasema asante, kama vile tumemjibu, akavuka barabara kurudi shuleni.