Mbwa Aliyeutazama Mlango Wetu

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu, na wewe Venance kaa pale ninapoiona mikono yako, maana jana nilikuona dirishani ukimpima yule mbwa wa mpingo kwa futi kamba, na mtu hapimi kitu cha baba yake aliye hai ila ana mteja wake mahali. Yustina, chai hiyo nitainywa ukishaionja wewe. Msinune. Mie nimekuwa mwizi miaka thelathini, na mwizi humdhani kila mtu mwizi mwenzake.

Mmekua mkisikia habari za Hayawahusu, mbwa wa marehemu Nikodemu, mchongaji mwenzangu niliyetoka naye Newala tukachonga bega kwa bega hapa Mwenge. Nikodemu alikwenda kwao kumzika mama yake, akaugua huko huko, akafa. Mbwa akakaa mbele ya nyumba hii miaka minne, mvua yake, jua lake, mpaka akafia pale pale, watu wakasema anamngoja bwana wake. Mtaa ukanipa kazi ya kumchonga, ukajengwa msingi wa saruji, na leo kituo kinaitwa Kwa Mbwa, na maharusi wanakuja kupiga picha pale ili ndoa zao zidumu.

Uongo. Mbwa anayengoja mtu hutazama njia. Yule aliipa njia mgongo akautazama mlango huu, nikitoka kuoga ananitazama, nikitoka kwenda misa ananitazama, na nyama ya mkononi mwangu hakuila hata siku moja. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa padri, kwa sababu kiwanja hiki ni cha Nikodemu. Siku anasafiri aliniachia karatasi ya mauziano nimtunzie, na mkewe Auleria alipokuja kuuliza, mtoto mgongoni, nilimwambia, "Shemeji, mie sijui karatasi yoyote, mumeo alikuwaga mpangaji tu." Akalia, akaondoka. Mbwa alikuwepo.

Basi nilipomchonga nilimgeuzia shingo barabarani. Gogo halikutaka, nyuzi zake zilielekea huku nyumbani, na mchongaji akibishana na gogo, gogo ndilo hushinda. Ndiyo maana kila kiangazi shingo inapasuka, nami naiziba kwa nta na unga wa mbao kabla hamjaamka, nyie mkidhani mzee anampenda mbwa. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie ufa nimeuziba miaka yote, na ukuta ndio huu unaniangukia.

Tezo na patasi ni za Marselino, ndiye pekee kati yenu asiyeniuliza nitamwachia nini. Kiwanja hiki, na nyumba niliyoijenga juu yake, ni vya Herieth, yule mtoto wa mgongoni. Karatasi imo tumboni mwa mbwa, ndani ya chupa, tundu nimeliziba kwa chini kwa kipande cha mninga. Mara tatu niliwasha kiberiti niichome, mara tatu nikashindwa, nilikuwa nikiziona zile tezo zetu mbili, yangu na ya Nikodemu, zimelala pamoja.

Msitazamane. Mnachowaza nakijua, mzee akifumba macho kiberiti mtakiwasha nyie. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yangu naijua, niliishona mwenyewe. Kwa hiyo sikuwangoja. Mjumbe nimeshamwambia, na Herieth nimempigia simu. Yuko nje tangu asubuhi, amekaa kwenye kivuli cha mbwa, na wote watatu mmempita mkidhani anangoja gari.

Akisema hameni, hameni bila neno. Akiwabakisha, mlipeni kodi kama wapangaji wengine. Karatasi ikishatoka, mrudisheni mbwa kwenye msingi wake, autazame mlango kama alivyokaa mwenyewe, na ufa asiuzibe mtu.

Marselino, nishike mgongo... sauti inaniacha. Mungu awabariki wanangu, hata wewe Venance, awape usingizi, mie sikuupata... Sijui kama Herieth atakubali kuniona. Mfungulieni mlango.