Johana arap Tonui, Mwandishi wa Barua za Kwenda kwa Mawakili (1936–1998)

Johana Kipngeno arap Tonui alizaliwa tarehe 11 Mei 1936 hapa Boito, Konoin, akiwa kifungua mimba wa mzee Tonui. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Kipkurui, ambaye ndiye anayeusoma. Kipkurui amechoka, jamani. Siku tisa za kupokea wageni na kujibu maswali si mchezo, kwa hivyo pasipokaa sawa mumvumilie. Marehemu mwenyewe angeukata nusu, maana hakupenda maneno mengi kwenye karatasi.

Alianza shule mwaka wa 1946, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1954. Hapakuwa na pesa za kuendelea. Karani mmoja wa misheni alimfundisha kupiga taipu kwa mashine yenye utepe mkavu, hata ilibidi mtu ainue karatasi kwenye jua ndipo asome alichoandika. Johana alisema hapo ndipo alipojifunza kufikiri kwanza na kupiga baadaye.

Tarehe 2 Februari 1959 aliajiriwa karani wa korti Kericho, akakaa huko miaka thelathini na miwili hadi alipostaafu Mei 1991. Alipokea faili, akazipanga, akaandika juu yake kilichoamuliwa. Mawakili wote wa pande hizi walipita mezani pake, na yeye aliwajua mmoja mmoja, nani hufika mapema na nani hufungua barua zake asubuhi kabla ya chai.

Mwezi Desemba 1962 alimwoa Janeffer, binti wa hapa hapa Boito. Barua yake ya uchumba ilikuwa na mistari sita. Janeffer mwenyewe aliigeuza nyuma na mbele, akamuuliza aliyeileta, "Karatasi iliisha ama ni yeye aliisha?" Ujumbe ulirudi kwamba mwenye barua yuko tayari kuulizwa lolote lililobaki. Walijaliwa watoto watatu, Kiplangat, Chepchirchir na Sally.

Baada ya kustaafu, hakukaa nyumbani kuhesabu ng'ombe. Alibeba mashine yake ya taipu hadi Kaplong, akaiweka kwenye veranda ya duka la rafiki yake Ephantus Muriuki, na vijana waliotaka kazi katika ofisi za mawakili wakaanza kumjia. Wengine walitaka ukarani, wengine usekretari, wengine hata kupeleka barua tu. Wote walikuja na shida moja. Walikuwa wameandika salamu, wakaandika kwamba wao ni wazima na wanatumaini wakili pia ni mzima kwa neema ya Mungu, kisha wakaomba wasaidiwe.

"Unaomba kazi ama unaomba sadaka?" Johana alikuwa akiwauliza. "Wakili anasoma karatasi mchana kutwa. Mpe ukurasa mmoja. Andika jina lake, usiandike kwa yeyote anayehusika, hakuna mtu anaitwa hivyo. Usimwambie umependa sheria tangu utoto, kila mtu anasema hivyo. Mwambie ni kazi gani iko kwa meza yake, na wewe utaibeba namna gani."

Tena alikataa kugusa mashine mpaka mtu aende kwanza kortini, akae benchi siku nzima, amwangalie wakili anayetaka kumwandikia. Wengi walinung'unika. Wilkista Atuti, ambaye yuko hapa leo, alirudi amekasirika. "Mzee, sijaona kitu. Ni wakili tu akitafuta karatasi kwa mkoba."

"Alitafuta mara ngapi?"

"Nne."

"Basi kazi yako ndiyo hiyo. Usimwambie anapoteza, atachukia. Mwambie unajua kupanga faili ya kesi, karatasi ipatikane mara moja." Wilkista aliajiriwa wiki iliyofuata, na yuko katika ofisi hiyo hadi leo.

Hayo yote Johana aliyajua. Lakini mganga hajigangi. Sally, kitinda mimba wake, alimaliza masomo ya sheria chuo kikuu mwaka jana, 1997. Aliyesomea sheria bado si wakili. Lazima kwanza apate ofisi ya kumpokea, ajifunze kazi chini ya wakili mzoefu, la sivyo hataapishwa. Mwaka ulikuwa unaisha tangu amalize, naye hana pa kwenda. Baba yake akasema, "Wachia mimi." Akaandika kurasa nne. Nne! Mtu wa mistari sita! Akaeleza jinsi Boito nzima ilivyochanga kwenye harambee ya karo ya Sally mwaka wa 1993, jinsi mkewe, Mama Janeffer, alivyochuma chai mvua ya mawe ikimpiga mgongoni, jinsi pasta alivyoomba machozi yakimtoka. Akatia na picha ya harambee. Akapeleka kwa mawakili saba bila kumwonyesha Sally mwenyewe.

Sita hawakujibu. Wa saba, Bi. Nyathira wa Kericho, alituma mistari miwili: "Mzee Johana, barua ya kumpenda binti yako nimeipata. Barua ya kuomba kazi naingoja kutoka kwake mwenyewe."

Sally aliposoma nakala ya zile kurasa, alikaa chini. "Baba, hii si barua. Hii ni harambee ingine." Johana aliona haya, na tangu utoto Kipkurui hakuwahi kumwona kaka yake akiona haya. Jioni ndipo alipomwambia binti, "Nenda kortini ukae."

"Baba, nimesoma sheria miaka minne."

"Umesoma sheria. Nyathira bado hujamsoma."

Sally akaenda, akakaa siku mbili. Siku ya pili kesi ya Bi. Nyathira ilisukumwa miezi mitatu mbele, kwa sababu shahidi wake, bibi mmoja wa Konoin, alijua Kipsigis tu, na mkalimani hakufika. Sally aliona wakili akifunga faili, akamwona yule bibi akiuliza watu mlangoni kama ameshinda au ameshindwa. Barua ikajiandika. Humo alisema alikuwepo siku hiyo. Alisema anaweza kuketi na mashahidi kama yule kabla ya kesi, awasikilize kwa lugha yao, amwandikie wakili maelezo yao kwa Kizungu. Ikawa nusu ukurasa.

Kufikia hapo Johana alikuwa amelazwa hospitali ya Kaplong. Saratani ya koo ilikuwa imeanza mwezi wa Machi, kwanza ugali ukamshinda, kisha uji, mwishowe hata mursik ya Mama Janeffer, maziwa yake ya mgando, ilipita kwa taabu. Sally alimpelekea barua kitandani. Chini kabisa alikuwa ameongeza kwamba baba yake ni mgonjwa sana na anaomba afikiriwe. Mzee aliomba kalamu. Mstari huo aliukata wote. "Mgonjwa haombi kazi," alisema. "Mtoe hapo." Sally alilia, akaenda kuipiga taipu upya.

Jibu lilifika kwa sanduku la posta la Muriuki siku ya Jumatatu, tarehe 7 Septemba. Bi. Nyathira alimtaka ofisini Ijumaa tarehe 18, saa tano asubuhi. Johana alisomewa mara tatu, akacheka bila sauti. Kisha akamwita Kipkurui karibu. "Mimi sifiki hiyo Ijumaa. Miaka thelathini na miwili nimeandika kesi za watu zimeahirishwa. Nimechoka na hilo neno. Mtoto asiombe siku ingine, na nyinyi msiningojeshe. Kama siku zitagongana, zigongane." Alifariki Jumatano tarehe 9 Septemba 1998, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Siku ziligongana. Pasta alikuwa na Ijumaa hii peke yake ya kumzika, kesho kuna mkutano mkuu wa kanisa. Bila shaka leo mnaulizana, mtoto wa kike anakosaje mazishi ya baba yake, tena kitinda mimba? Ulizeni tu, ni haki yenu. Siku ilipopangwa, Sally mwenyewe alikataa kwenda. Alishika nguzo ya nyumba akasema kazi ipotee. Ni Kipkurui aliyembandua, na mpaka sasa anaposoma haya hajui kama alifanya vyema au vibaya. Alifuata neno la kaka yake, basi.

Johana amemwacha mjane wake, Janeffer, watoto Kiplangat, Chepchirchir aliyeolewa Mulot, na Sally, wajukuu watano, mdogo wake Kipkurui, na Muriuki, ambaye ameuliza kama mashine ya taipu inaweza kubaki pale veranda. Inaweza.

Yanayofuata hayamo kwenye programu mliyoshika, yameongezwa kwa kalamu leo. Vijana walipomaliza kuchimba asubuhi, Sally alikuja na nguo zake za ofisini. Alipiga magoti ukingoni, akachukua udongo kiganja kimoja, akautupa chini kaburi likiwa tupu. Mmoja wa wachimbaji akamwambia, "Dada, bado hatujamweka." Akajibu, "Najua. Msiufagie. Mumlaze juu yake." Kisha akaenda barabarani, magoti yake yakiwa na matope.

Udongo huo upo. Sisi tutatupa wetu juu, wa kwake uko chini. Sasa ni saa tano na dakika kumi. Lala salama, Johana, Mungu akupe amani. Binti yako ameingia.