Vyuma Vitatu vya Kiungo Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 1998, Fundi Mkuu Onesphory Lugendo anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Kiwanda cha Mafuta Mkondoa, hapa Kilosa. Tumeombwa toleo hili la jarida letu la wafanyakazi liwe la furaha. Tutajaribu.

Alikuja kutoka Mamboya mwaka 1971, akiwa na cheti cha ufundi na baiskeli isiyo na breki. Kazi yake ilikuwa viungo vya kutanukia, vile vipande vyenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono vinavyofungwa kwenye mabomba ya moto. Bomba la mita arobaini likifikia nyuzi joto mia mbili na arobaini hurefuka kwa upana wa kiganja. Lisipopewa pa kurefukia, hupasuka. Miaka ya themanini, vipuri vilipoadimika, alichora viungo vyake mwenyewe nyuma ya karatasi za mahudhurio na kuvikunja kwa mkono. Vinne bado vinafanya kazi. Wageni walipouliza vilinunuliwa wapi, aliwajibu, "Mikumi, kwa nyani."

Kiungo kipya huja kimefungwa vyuma vitatu vya njano ili kisiumie safarini. Kabla ya kuingiza mvuke, lazima vitolewe, la sivyo kiungo hakitanuki. Mzee alivitoa mwenyewe, akaviandika namba ya kiungo kwa chaki na kuvitundika ukutani ofisini mwake. Tulimtania kwamba anafuga vyuma.

Mwaka juzi kiwanda kiliuzwa. Ili kumpokea mmiliki mpya, kila kitu kilipakwa rangi ya bluu, hadi ndoo za mchanga. Kiungo namba saba, kilichofungwa siku hizohizo, kilipakwa pamoja na vyuma vyake. Mzee alikuwa Mamboya kumzika dada yake. Asubuhi ya sherehe ya mapokezi uongozi uliamuru mitambo iwashwe. Mathias, fundi aliyefunzwa na Mzee, alitafuta njano, hakuiona, akafungua mvuke. Bomba likapasuka. Alifia palepale.

Taarifa ilikamilika kwa siku mbili: uzembe wa marehemu. Tunaambiwa kila siku kwamba ubinafsishaji umeleta ufanisi. Ni ufanisi gani huo, unaotumia wiki mbili kupaka rangi na siku mbili kuchunguza kifo?

Jenipher, mjane wa Mathias, alimfuata Mzee ofisini. "Shikamoo, baba. Watoto wanaulizwa shuleni kama baba yao ndiye aliyelipua kiwanda. Niwaambie nini?"

Mzee aliitikia, akageukia ukuta, akahesabu. Vyuma vya namba saba havikuwapo. Alivikuta kwenye lundo la vyuma chakavu, vimepinda. Alikwangua bluu; chini yake ilikuwa njano. Akavibwaga juu ya meza ya kikao cha uongozi.

"Mathias hakuviona kwa sababu ninyi mlivificha," alisema. "Na mimi niliondoka bila kuacha maandishi. Andikeni majina yetu. La kwake lifuteni."

Akajibiwa kwamba jalada limefungwa.

Juzi kamati ya sherehe ya kumuaga ilimuuliza anataka zawadi gani. Hakutaka redio wala godoro. Anataka mstari mmoja wa ile taarifa ufutwe. Ijumaa Meneja atakaa meza kuu, na Jenipher atakaa kando ya Mzee. Mezani, mahali pa maua, tutaweka vyuma vitatu.

Ahsante, Mzee Lugendo. Ukaishi vyema Mamboya, na afya isikuache. Ukutani mwa ofisi yako misumari ya namba saba ingali mitupu. Hatutatundika kitu kingine hapo. Vyuma vitapanda siku jina la Mathias litakaposafishwa.