Aliyepika Aonje Kwanza

Ndugu zangu, kaeni. Nikisema kaeni, nawaambia hata nyinyi mliosimama karibu na mlango mkidhani ushuhuda huu utakuwa mfupi. Mwanamke aliyefundisha chuo kikuu miaka mingi akipewa nafasi ya kuongea, wenye kikundi hujuta.

Kwa wageni wetu: sisi ni wajane. Tunakutana hapa Marani Jumapili alasiri, kwa sababu saa hii Wakatoliki wametoka misa na Wasabato wameshamaliza Sabato yao jana. Tunaongea Kiswahili ili dada zetu waliotoka kule ziwani wasikae kama mizigo ya watu wengine. Na desturi yetu ni kwamba anayetoa ushuhuda ndiye anayeleta chai. Nimeleta thamosi tatu, majani ni ya shamba letu kule Nyamira. Naona ziko pale mezani tangu tuanze, na vikombe bado vimegeuzwa juu chini, hakuna aliyevigusa. Sawa. Tutazirudia.

Mnajua kwa nini ni zamu yangu. Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi, na nikajipiga picha. Katika picha hiyo nimeshika glasi ya bia nyeusi, nina povu juu ya mdomo, na ninacheka kama mtu aliyeibiwa akili. Nilikusudia kumtumia dada yangu. Kidole kikateleza, picha ikaingia katika kundi letu la WhatsApp, chini kabisa ya sala ya jioni. Mmoja wenu akaandika "Amina" kabla ya kuifungua. Jina silitaji, dada, lakini sijawahi kupata Amina iliyonifaa kama ile.

Halafu nikaletewa ujumbe: Jumapili hii nisimame nitubu, niseme nimeiacha bia, la sivyo nikiache kikundi.

Basi nimesimama. Ya kutubu mtanisamehe, sikuja nayo. Nimekuja na habari yenyewe, tangu mwanzo wake. Mkishaisikia, amueni.

Mume wangu, mlimjua wengi wenu, alikuwa mwalimu wa jiografia. Kila mji tuliofika, kwa semina au kwa harusi, alikuwa na ugonjwa mmoja: lazima atafute mahali wanapopika bia wenyewe. Si baa ya kawaida ambapo unaulizwa "baridi ama moto?" kisha mazungumzo yanaishia hapo. Alitaka kukaa karibu na pipa lililoipika. Vijana wa Nairobi siku hizi wanaiita bia ya krafti, lakini yeye alianza kuitafuta kabla haijapata jina. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika koti, kunywa glasi moja, na kumwambia tutachelewa kulala. Ndoa yetu ilikwenda hivyo, na ilikuwa ndoa nzuri.

Alipofariki, niligundua kwamba sijui kuingia mahali. Mnacheka, lakini wengine mnaelewa. Mwanamke mwenye shahada mbili, ninaandika insha magazetini, ninajua kutofautisha nadharia na nadharia, na siwezi kusukuma mlango wa hoteli nikaagiza chakula mbele za watu. Nilihisi kila mtu anatazama kiti kilicho tupu upande wangu.

Mwaka ule nilialikwa Kigali kusoma insha yangu. Mnajua ilihusu nini? Ujasiri. Nilikaa chumbani siku zote za mkutano nikila njugu za kukaanga nilizotoka nazo soko la Kisii, nikatuma ujumbe kwamba tumbo linanisumbua, nikarudi na insha yangu ya ujasiri bado imekunjwa mkobani. Kuanzia hapo kila mwaliko niliukataa. Kisha nikaacha kuandika. Kisha nikaacha kufungua mapazia. Nyanchwa, ninakoishi, ina hewa nzuri na kwaya pande zote za mlima, na mimi nilikuwa ndani nimefunga madirisha nisizisikie.

Nyinyi ndio mliokuja. Mlikuja na mkungu wa ndizi na sufuria zenu, mkaingia jikoni kwangu bila kuuliza, mkanipikia, mkanisuta. Na mmoja wenu, ambaye leo amekaa pale mbele amekunja mikono, ndiye aliyeipata barua ya mwaliko wa Nairobi juu ya friji. Aliisoma yote. Halafu akaniambia maneno ambayo sitayasahau:

"Mwalimu, tuliliona lile jeneza. Lilikuwa la mtu mmoja. Wewe ulipenya saa ngapi?"

Nikamwambia, "Siwezi kwenda peke yangu."

"Basi nenda hivyo hivyo usivyoweza."

Ndugu zangu, nawaambia, huyo dada ndiye aliyenituma Nairobi. Na ni yeye huyo huyo aliyetoa hoja kwamba nitubu. Simlaumu. Sababu yake naijua, na nitaifikia.

Nikaenda. Jioni ya kwanza nikajiambia, leo nitafanya alichokuwa akifanya mwenzangu. Nikaanza kwa kosa ambalo yeye asingelifanya: nikauliza mapokezi ya hoteli. Ndugu zangu, ukiwa mgeni mjini usiulize mapokezi mahali pa kunywa. Watakupeleka anakofanya kazi binamu yao.

Nilipelekwa mahali penye balbu zinazoning'inia kama vitunguu na menyu nene kama kamusi. Weita akaja.

"Mum, unangoja mtu?"

"Nangoja bia. Ipi inapikwa hapa?"

"Zote tuko nazo."

"Nauliza iliyopikwa hapa. Nani ameipika?"

Akanitazama kwa huruma. "Mum, hii ni bia. Si chapati."

Aliniletea kitu chenye ladha ya sabuni na ganda la chungwa. Nilikunywa nusu. Watu wa meza ya jirani walinitazama, au nilidhani walinitazama, na tofauti haikuwepo. Nikalipa, nikatoka, nikasimama kando ya barabara nikijua kwamba kesho nitakula njugu chumbani. Nilikuwa nimezibeba. Mjane mwenye akili hubeba njugu.

Nikaita teksi. Na ndani ya ile teksi, sijui kwa nini, nikamkumbuka mama yangu.

Wazee wa Nyamira mliomo humu mnajua mama yangu alikuwa mpishi wa amarwa, pombe ya wimbi. Mimi nimesoma kwa wimbi. Shahada zangu mkizinusa vizuri zinatoa harufu ya kimea. Baadaye alibatizwa, na siku ile alitoa vyungu vyake nje akavivunja mwenyewe kwa jembe, na mpaka leo hajagusa tone. Lakini mimi nilikulia katika nyumba ile, na nilichokumbuka ndani ya teksi hakikuwa pombe. Nilikumbuka machicha, yale makapi yanayobaki pombe ikishachujwa. Kila alipopika, jirani zetu walikuja na ndoo kuyabeba wakalishe mifugo. Hata kipofu angejua nyumba inayopika, kwa kufuata sauti za ndoo tu.

Nikamwuliza dereva, "Kijana, unamjua mtu yeyote anayefuga nguruwe?"

Alinitazama kwenye kioo. "Mathe, saa hii unataka nguruwe?"

"Sitaki nguruwe. Nataka kujua anakula nini."

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe mjomba wake ni mfugaji, na chakula anakichukua kwenye yadi moja upande wa viwandani, ambako kuna mama anapika bia. "Si ungesema unatafuta baa kama watu wengine?"

Dada zangu Wasabato, nisameheni. Najua nguruwe si mnyama safi. Lakini ushuhuda ni ukweli, na ukweli ni kwamba nguruwe ndiye aliyenionyesha njia.

Nilikwenda kesho yake mchana, maana mchana ndipo unapomkuta mpishi mwenyewe. Usiku unamkuta mwenye muziki. Hakukuwa na balbu. Kulikuwa na geti, magunia ya shayiri, mapipa ya chuma yanayong'aa, meza chache za mbao, na ubao ulioandikwa kwa chaki aina nne tu za bia. Na ile harufu, ndugu zangu. Nafaka mbichi iliyolowa maji ya moto. Nilisimama getini nikawa na miaka saba.

Mwanamke wa makamo, amevaa gambuti, alikuwa anaosha pipa. Hakuniuliza namngoja nani. Alisema, "Karibu, mathe. Kaa hapo kwa kivuli."

Akaja na glasi mbili ndogo. Akamimina zote mbili kutoka jagi moja. Moja akainywa yeye, amesimama, ananiangalia machoni. Akameza. Ndipo akanisogezea ya pili.

Nikamwuliza, "Mbona umeonja kwanza?"

"Shosho yangu, mama ya mamangu, alikuwa anapika pombe ya muratina," akasema. "Ningempa mtu kitu sijaonja, angenichapa."

Nyinyi mliozaliwa milimani huku mnajua nilichokiona. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu chungu kabla ya kukivuta kwa mrija yeye kwanza, mbele yake. Ndiyo ilikuwa sahihi yake: nimeipika mimi, ikiwa ni ya kuua, tutakufa wote. Nililia ndani ya ile glasi, hivyo siwezi kuapa kuhusu ladha yake. Aliponiongezea nyingine, niliionja vizuri. Ilikuwa nyeusi, na kwa mbali kama wimbi uliokaangwa. Nilikula samosa. Nilikaa pale peke yangu mpaka jua likashuka, na kile kiti cha pili kilikuwa kiti tu. Nilikiwekea mkoba. Kisha nikajipiga picha, na mengine mnayajua. Usiku ule niliandika, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Niliporudi, mama alikuwa ameshasikia. Habari za aina hii hupanda Nyamira bila nauli. Nilimkuta anapepeta wimbi wa uji. Nikangoja kusutwa. Aliendelea kupepeta, kisha akauliza:

"Huyo aliyepika, alionja kwanza?"

"Alionja, mama."

Akapuliza makapi. "Basi ulikuwa nyumbani kwa mtu." Halafu, ili nisizoee, "Lakini hapa kwangu usilete."

Sasa nakuja kwako, dada uliyekunja mikono. Mumeo alichukuliwa na pombe. Wote humu tulikuwa kwenye yale mazishi, na mimi nilikushika mkono. Ukiona picha yangu, huoni glasi yangu, unaona ile yake. Siwezi kukuambia usione unachokiona. Ila nakwambia hivi: kile kilichomuua mumeo, aliyekipika hakukionja. Alikipitisha dirishani kwenye chupa isiyo na jina, akafunga dirisha. Mimi naye tusiwekwe benchi moja. Nenda kawatafute wa dirishani, na nikuambie ukweli, ukienda tutakwenda wawili.

Lakini sitatubu. Nitubu nini? Kwamba niliketi? Mlinikuta ndani ya mapazia mkaniambia nitoke, na nilipotoka mnanirudisha ndani kwa sababu sikutokea mlango mliouchagua. Mwezi ujao nimealikwa Kampala. Nitafika, nitaoga, nitawapita watu wa mapokezi nikiwapungia mkono, na nitauliza ni nani mjini anayefuga nguruwe. Nitauliza mpishi ni nani. Ikiwa orodha ni ndefu kuliko Mambo ya Walawi, nitaondoka. Ikiwa hakuna anayejua bia imetoka wapi, nitaondoka. Na akitokea mtu mwenye gambuti akanywa kwanza, nitakaa, nitakunywa glasi zangu mbili, nitakula, nitarudi kulala. Peke yangu, na mkoba wangu kitini.

Nawashukuru. Nawashukuru kwa ndizi, kwa sufuria, kwa kunisuta. Namshukuru dereva, na mjomba wake, na wanyama wa mjomba wake. Namshukuru aliyesoma barua isiyokuwa yake. Wengi wenu hamtakunywa bia maisha yenu yote, na sikuja kuwauzia. Somo langu ni dogo, mnaweza kulibeba mpaka sokoni, kanisani, hata kwenye siasa: mkifika mahali pageni, msitazame balbu. Tafuteni aliyepika, mumwombe aonje mbele yenu.

Sasa twende mezani. Hii thamosi naifungua. Hiki ni kikombe changu. Maji ni ya kisima changu, maziwa ni ya leo, majani niliyachuma mimi na mama, na niliyeipika ni mimi.

Ngoja nimeze.

Haya. Nimeonja. Dada, kunjua mikono, chai inapoa.