Kingamwili ya Bi Mahrokh

Wasikilizaji wapendwa, hapa Shiraz leo tunamkumbuka Bi Mahrokh Sepahvand, fundi wa maabara. Amefariki kwa saratani ya damu, akiwa na miaka hamsini na mbili. Saratani ya damu. Ugonjwa huohuo aliokuwa akiuwinda kwa miaka kumi na tisa.

Bi Mahrokh alitengeneza kingamwili moja tu maishani, protini ya kutambulia ugonjwa. Seli zinazoitoa alizilea mwenyewe, akizilisha hata siku za Nouruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wenzake wakiwa bustanini na familia zao. Kingamwili hiyo ilikuwa na kazi moja: kunasa kipokezi, kijialama kinachojaa juu ya seli za damu zilizougua. Ikikinasa, mashine huonyesha kijani. Damu yenye afya haing'ai.

Kila Jumamosi, wiki inapoanza, mtu mmoja wa maabara hutoa damu yake yenye afya ili ya wagonjwa ilinganishwe nayo. Ndiyo desturi yao. Na Bi Mahrokh alikuwa na amri yake, aliyowapigia wote kelele: "Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo! Utajuaje kipi kimekukosesha?"

Jumamosi moja ya kiangazi zamu ikawa yake. Umeme ulikuwa umekatika siku iliyotangulia. Alikunja mkono wa shati, akatolewa damu, akaipima. Iling'aa kijani.

Behnam, mwenzake wa miaka mingi, alishtuka. "Dada, mbona damu yako inawaka?"

"Inawaka nini! Friji lilizima jana, kingamwili imeharibika. Damu yangu mimi ni chai tupu. Hebu lete mkono wako, acha uoga."

Akamwaga kichupa cha kingamwili kwenye sinki. Akafungua kingine kilichokuwa kimegandishwa kwenye barafu. Akapima damu ya Behnam. Hapakung'aa kitu.

"Umeona?" akasema, akabana kipande cha sukari shavuni, akanywa chai yake.

Kichupa kipya, damu mpya. Vitu viwili kwa mpigo, wasikilizaji, na aliyefanya hivyo ni Bi Mahrokh. Inaniuma kuyasema haya.

Baadaye mikono yake ilianza kuvia damu. Akiulizwa, anasema amejigonga mezani. Miezi saba ilipita kabla hajakubali kwenda hospitali. Dada yake, Taraneh, alikuwa naye majibu yaliposomwa. "Alicheka kwanza," anatuambia. "Halafu akanishika mkono. Akasema, 'Haikuharibika, Taraneh. Ilinitaja, nami nikaimwaga.'"

Tunampa pole Taraneh, na wote waliofundishwa kazi na Bi Mahrokh. Nanyi mnaotusikiliza, kama kuna jibu mmelitupa kwa sababu liliwahusu ninyi wenyewe, rudini mkaliangalie leo.

Seli zake bado zinalelewa. Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya Behnam. Alikunja mkono, akatoa damu, akaiweka kwenye mashine. Kisha akasimama akiipa mashine mgongo, akamwomba mwingine amsomee.