Fundi Aliyekataa Kukalishwa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio inapowakuta, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeshona sare za shule maisha yake yote. Tulimwita Fundi tu. Tulimzika Jumamosi.

Fundi ndiye aliyeikata kwa miguu ile njia ndefu ya wasafiri, ipitayo jangwani, milimani na misituni. Tena kwa goti bovu, lililochoshwa na kukanyaga cherehani.

Alipostaafu, wanawe walimletea kiti cha kuegemea. "Mama, pumzika sasa." Alikikalia wiki moja. Kisha akakigeuza cha kuanikia nguo, akanunua viatu vya safari.

Ukoo ukakaa kikao kumkataza. Akawasikiliza wote, halafu akauliza, "Mmemaliza?" Kesho yake akaondoka.

Wakamtuma wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akamrudishe. Hao wawili walikuwa paka na panya! Akamkuta jangwani, kisimani. Wifi anasimulia:

"Nikamwambia, nimetumwa nikurudishe. Akajibu, kunywa maji kwanza. Nikanywa. Kugeuka, gari lililonileta limeshaondoka. Akacheka: 'Basi utanigombeza tukitembea.'"

Akamgombeza jangwa zima.

Milimani, goti likavimba kama boga. Mlinzi wa kibanda cha wasafiri akamwambia, "Bibi, wengi huishia hapa."

"Wengi si mimi," akajibu Fundi. Akakaa pale akiwashonea wapita njia mifuko iliyochanika, hadi uvimbe ukapungua.

Ukoo ukapiga simu. Wifi akaipokea. "Harudi," akasema. "Na mimi sirudi!"

Misituni, wifi alitangulia akipima vijito kwa fimbo, Fundi nyuma akijikokota. Wakafika, wasikilizaji. Wakafika wote wawili, wakibishana nani kaligusa kwanza jiwe la mwisho wa njia.

Fundi aliishi miaka mingine mitatu. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Makaburini, mpwa mmoja akanong'ona, "Angetulia, angekuwapo mpaka leo."

Wifi akamsikia. "Mwenzio kaishi," akamwambia mbele ya watu. "Wewe unangoja nini?"

Kwa watoto na wajukuu wa Fundi, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: nani ametuambia tukae, na kwa nini tumemtii?

Wifi naye tunampa pole, ingawa sijui kama anatusikia. Jana asubuhi alifunga mzigo. Anaianza njia ile tena, safari hii kutokea upande wa pili.