Panya wa Dhahabu Anapatikana Wapi

Pale Uhindini, Mbeya, kwenye baraza la duka ambako Alawi fundi nguo alikuwa ameweka cherehani yake, palikuwa na benchi la mbao ambalo hakuna aliyejua limeletwa na nani. Asubuhi za Juni ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaimeza barabara nzima, na wateja wa Zubery muuza kahawa walilifikia benchi hilo kwa kufuata mlio wa vikombe. Wenyeji wake walikuwa watatu. Isakwisa, Mnyakyusa, waliyemwita Chunya kwa kuwa ujana wake wote alichimba dhahabu huko, akarudi na kikohozi tu. Joachim waliyemwita Bwana Tauni, kazi yake kutega sumu ya panya kwenye maghala ya mji. Na Kalinga, dereva wa lori la Iringa, aliyeitwa Breki kwa sababu hakuna abiria aliyewahi kumwona akizikanyaga. Alawi hakuwa mtu wa maneno. Yeye hushona huku akisikiliza. Lakini asubuhi hiyo aliiacha cherehani, akaja akaketi katikati yao, akauliza:

— Jamani, hamsta anapatikana wapi?

Isakwisa akashusha kikombe.

— Hamsta ni chombo au ni mtu?

— Mnyama. Mdogo tu, kama ngumi.

— Wa kuliwa?

— Wa kufuga. Wa Rukia.

Wote walijua. Mkewe Alawi, Mwanakhamisi, alifariki masika yaliyopita kwa homa iliyomshika siku chache tu, na tangu hapo binti yao Rukia hakusema neno. Hakuwa bubu. Alisikia, alitumwa akaenda, alikula akilazimishwa. Ila sauti yake ilikuwa imefungiwa mahali ambapo baba yake hakuwa na ufunguo wake.

Alawi akaeleza, kwa tabu, maana maneno mengi hakuyazoea. Jana alikwenda naye Uzunguni kupeleka mapazia kwa memsahibu mmoja. Barazani palikuwa na kibanda cha waya, na ndani yake kinyama cha rangi ya asali. Kilikuwa kinatia mahindi shavuni, punje baada ya punje, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko kiuno. Rukia akacheka.

— Kwa sauti? akauliza Zubery.

— Kwa sauti. Mapazia yaliniponyoka mikononi.

Zubery akammiminia kahawa bila kuombwa.

— Sasa ukamwuliza huyo memsahibu kinyama kinatoka wapi?

— Aliniambia mengi. Nilishika nusu. Kasema jina lake hamsta, tena golden hamsta. Kasema ukitafuta, tafuta mwenye afya: macho yang'ae, manyoya yasiwe na upara, matako yawe makavu, na anakokaa kusinuke. Na mchana kutwa analala.

Joachim akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtaalamu.

— Hapo umeshadanganywa. Panya anayelala mchana ni mgonjwa. Mimi panya nimewaona kuliko mtu yeyote mji huu.

— Gwe! akasema Isakwisa kwa Kinyakyusa. Wewe umewaona ukiwa umeshawaua. Ulitaka walaleje?

— Nawaambia ni tauni hiyo! Alawi, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe ni fundi nguo. Jihadhari.

— Methali hiyo haihusu mafundi, akasema Zubery.

— Inahusu nguo. Mafundi ndio wenye nguo.

Kalinga akawasha sigara, akawaacha watulie. Alipenda kusema wa mwisho kama wakubwa.

— Mnamchanganya fundi bure. Mnyama huyo ni simbilisi. Kwetu Iringa kila jiko lina simbilisi, wanazunguka chini ya mafiga kama vifaranga. Mweupe, mwekundu, wa madoa. Ukitaka mwenye afya, gonga sufuria. Anayepiga kelele wa kwanza, huyo mzima, mchukue. Leo saa nne naondoka, kesho kutwa nakuletea.

Moyo wa Alawi ukainuka.

— Simbilisi anatia chakula shavuni?

— Hiyo... ni mafunzo tu. Mlishe kwanza, shavu litakuja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndiyo maana nasema simbilisi. Yule hana mbio.

— Simbilisi hana shavu, akasema Joachim. Ana meno na kelele.

— Wewe nyamaza, unawajua waliokufa tu.

Isakwisa hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa amemkazia Alawi macho, kikombe kimepoa mkononi.

— Hebu rudia. Memsahibu alisema golden?

— Golden, ndiyo.

— Golden ni dhahabu.

— Alisema ni rangi tu.

— Rangi! Alawi, mwanangu, mzungu akuambie kweli barazani kwake mchana kweupe? Sasa nimeelewa! Kule Chunya, usiku, chini shimoni, tulikuwa tunasikia kitu kinatafuna. Kirr, kirr. Msimamizi anatukagua sisi mpaka mdomoni, kumbe dhahabu inatoka kila siku. Inatoka na nini? Na shavu! Panya anajaza mashavu mawili, anapita kati ya miguu ya askari, anakwenda kutema kwa bwana wake. Huyo ndiye golden hamsta. Mwenye afya utamjua kwa uzito. Twende Chunya, tuingie shimoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Methali hiyo ni ya kumkanya mtu mbaya, akasema Zubery.

— Na wewe unadhani mashimo ya Chunya walichimba watu wema?

Wakacheka wote isipokuwa Alawi. Yeye alikuwa anajaribu kukiona kile kinyama shimoni, gizani, na hakikuingia. Kilikuwa na vidole vidogo mno, kama vya mtoto mchanga.

— Memsahibu kasema chake kilitoka Nairobi, akasema taratibu. Kilikuja na ndege.

Zubery akaliweka chini dele lake la kahawa. Mpaka hapo alikuwa amejizuia.

— Kilikuja na ndege, au kilikuja kikiruka?

— Una maana gani?

— Hesabu mwenyewe. Analala mchana. Anaamka usiku. Ana manyoya na meno. Huyo ni popo aliyekatwa mabawa. Wazungu wanawakata wakiwa wadogo, wanawatia wayani, basi. Mwenye afya ni yule asiye na kovu kwapani.

— Popo! akasema Joachim, na sauti yake ikabadilika. Popo anakula nini? Hamjui? Ananusa damu. Sasa mtu anafuga mnyama wa kunusa damu barazani, na watoto wa watu wanapita wanacheka... Alawi, mama yule alimshika Rukia?

— Alimshika kichwa. Alimpa biskuti.

— Mumiani, akasema Joachim polepole. Sisemi ndiyo. Nasema tu, kichwani ndipo penye mshipa.

Alawi akasimama, akaketi tena. Alikuja kuuliza mahali pa kumpata mnyama mmoja mdogo mwenye afya, na sasa hakujua anatafuta panya, simbilisi, popo au mwizi wa dhahabu. Hakujua aende Iringa, Chunya au Nairobi, au akimbie kumkagua mtoto kichwani. Kila aliyesema alisema kwa hakika. Hicho ndicho kilichomchosha. Mwenye mashaka alikuwa yeye peke yake, na mtoto alikuwa wake.

— Breki, akasema mwishowe, niletee huyo simbilisi. Bora nianze na kitu.

— Umesema!

— Utajuta, akasema Joachim.

Wakati huo mwanamke mmoja alitokea kwenye ukungu na kikapu cha maharage kichwani, shuka limemfunika mabega. Akakitua kikapu, akauliza lori la Iringa ni lipi.

— Ndilo hili, na dereva ndiye mimi, akasema Kalinga, akionyesha lori lililokuwa kando ya barabara. Kamwene, mama. Wa wapi?

— Kamwene. Wa Ifunda. Naitwa Paskalina. Nilikuja kumwona mdogo wangu Mbalizi.

— Basi Mungu kakuleta. Ifunda mnafuga simbilisi?

— Nani asiyefuga?

— Mwambie fundi huyu. Anataka mmoja mzima, wa kumtuliza binti yake. Amefiwa na mama.

Paskalina akamtazama Alawi, akampa pole kwa mikono miwili, kama kwamba msiba ulikuwa wa jana. Akapokea kikombe cha Zubery, akanywa akiwa amesimama.

— Wanangu nao waliwapenda, akasema. Ila simbilisi haishi sana. Baridi ikizidi, anakufa. Mbwa akiingia, anakufa. Baba, siku akifa, mtamwambia nini mtoto?

Kalinga ndiye aliyesema, kwa mazoea tu ya kusema:

— Si tutamwambia amesafiri?

Mara akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwangalia Alawi.

Kwa maana ndivyo Rukia alivyoambiwa. Siku ya mazishi Alawi alimtoa alfajiri akampeleka kwa dada yake Mwantumu, Majengo, asilione jeneza likitoka. Mtoto alipouliza, akajibiwa mama amesafiri, amekwenda kwao pwani. Mtaa mzima ukamsaidia baba mtu kuushika uongo huo, kila mmoja kwa huruma yake. Na mtoto aliyeachwa bila kuagwa akanyamaza, akangoja.

Paskalina alirudisha kikombe. Zubery akaliinamisha dele, likatoa machicha. Alawi alikwisha kuinuka. Alikwenda zake kwenye ukungu, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni, na Kalinga alipomwita kumwuliza kama simbilisi aletwe au asiletwe, hakugeuka.

Alimkuta Rukia uani kwa Mwantumu, alikomwacha asubuhi, amekaa kwenye mkeka. Akaketi mbele yake. Hakujua mahali pa kuanzia, akaanza popote.

— Mama hakusafiri. Mama alikufa, Rukia. Tulimzika. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Mwantumu, aliyekuwa anapepeta mchele, ungo ukamsimama mikononi. Rukia alimtazama baba yake. Halafu ile sauti ikatoka, kavu, ndogo, imekwaruza kama mlango wa nyumba iliyofungwa.

— Huko nani anamsuka?

Alawi alijua dua, alijua maneno ya mashehe, alijua yote wanayosema watu matangani. Hakuna hata moja lililohusu nywele.

— Sijui, mwanangu.

Rukia akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na Alawi akalia naye, na Mwantumu akaja akawafunika wote wawili kwa khanga yake. Walipotulia, mtoto akavuta kamasi, akageuka, akampa baba yake mgongo na kichwa chenye nywele zilizotimka.

— Basi nisuke mimi.

Alawi hakuwahi kumsuka mtu. Akakigawa kichwa kwa kidole, akaanza. Mistari ilikwenda kombo, mmoja ukapanda juu ya mwenzake, na mtoto akamwambia hivyo.